Rodriguez: Albamu iliyookolewa na wasikilizaji

Machi 1970, kampuni changa ya muziki iitwayo Sussex iliingiza sokoni Marekani santuri ya kwanza ya kijana wa Detroit, Sixto Rodriguez. Santuri hiyo iliitwa Cold Fact: nyimbo 12, dakika kama 32 kwa jumla. Haikununuliwa. Miongo minne baadaye mwenye kampuni, Clarence Avant, aliulizwa ni nakala ngapi zilizouzwa nchini mwake, akakisia sita. Ilikuwa namna ya kusema tu, lakini biashara ilikuwa imekufa kweli. Mwaka 1971 ikatoka albamu ya pili, Coming from Reality, iliyorekodiwa London, nayo ikapita bila kusikika. Kampuni ikaachana na mwimbaji wake, na Rodriguez akarudi kwenye kazi za mikono: kubomoa nyumba, kukarabati nyumba, kubeba vifusi.

Santuri hiyohiyo ilifika Afrika Kusini, na huko ikapendwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapo vijana walioijua kwa moyo kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Msanii hakuwahi kuonekana, hakufanya ziara, hakuhojiwa na gazeti lolote la huko. Walioipandisha ni wasikilizaji wenyewe, kwa kuazimana santuri na kurekodiana kanda. Filamu iliyokuja kutengenezwa kuhusu kisa hiki inataja makadirio ya nakala nusu milioni zilizouzwa nchini humo, na hapo kanda za kurekodi nyumbani hazimo.

Tumezoea kuamini kwamba muziki huhukumiwa mara moja. Wahakiki huandika, redio hupiga au huacha kupiga, soko husema neno lake, basi. Cold Fact inanifanya niamini kwamba msikilizaji naye ana kauli, na kauli yake inaweza kusimama hata pale wakubwa wa biashara walipokwisha kufunga faili. Lakini kisa hiki kina upande mchungu ambao mashabiki wengi hupenda kuupita haraka: mapenzi yale yote ya wasikilizaji, kwa miaka mingi, hayakumfikia aliyeimba.

Rodriguez alizaliwa Detroit tarehe 10 Julai 1942, mtoto wa sita katika familia ya wafanyakazi yenye asili ya Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiimba na gitaa lake katika baa za mji huo, na watayarishaji wawili wa muziki, Dennis Coffey na Mike Theodore, walimkuta katika mojawapo, kando ya Mto Detroit, iliyoitwa The Sewer. Wamesimulia kwamba alikuwa akiimba huku amewapa watu mgongo. Walichokisikia kilikuwa sauti na maneno tu, uso hawakuuona, na hicho kiliwatosha.

Coffey hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye mpiga gitaa aliyeleta mlio wa pedali ya wawa katika Cloud Nine ya kundi la The Temptations mwaka 1968. Kwa kazi ya Rodriguez aliwaleta Bob Babbitt kwenye besi na Andrew Smith kwenye dramu, wote wanamuziki wa studio za Motown, watu waliozoea kutengeneza vibao vya kuuza mamilioni. Kazi ilifanyika Detroit, Agosti na Septemba 1969. Rodriguez hakuona raha kupiga pamoja na wengine, hivyo sauti yake na gitaa lake vilirekodiwa kwanza, halafu vyombo vingine vikaongezwa juu yake. Ukisikiliza kwa utulivu utalitambua hilo. Yeye yuko katikati, mkavu, hana haraka, kama mtu anayeongea na mwenzake mmoja. Vinanda, fidla na milio ya mitambo vinakuja na kuondoka pembeni bila kumshtua. Wapo wasikilizaji wanaoyachukia mapambo hayo, wanaosema albamu ingekuwa bora zaidi kwa gitaa na sauti peke yake. Mimi sikubaliani nao. Milio ile ya ajabu inayopita juu ya Sugar Man ndiyo inayoufanya wimbo ule wa mtu anayemsubiri muuza dawa za kulevya uwe wa kutisha. Bila milio hiyo ungebaki wimbo mtamu, na utamu peke yake ungedanganya kuhusu habari inayosimuliwa.

Mji aliouimba ulikuwa na majeraha. Julai 1967 Detroit ilikuwa imewaka moto kwa siku kadhaa, watu 43 wakafa, mitaa mizima ikateketea. Rodriguez aliishi humo, na nyimbo zake zinatembea humo kwa miguu. Katika The Establishment Blues, ambao jina lake kamili ni refu kuliko beti za wengine, anapanga maovu ya mji moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: viongozi, polisi, uchafu, vita, wananchi waliochoka. Hapandishi sauti. Only Good for Conversation ndio wimbo wenye roki kali kuliko zote, gitaa limechafuliwa kwa makusudi hadi linakwaruza masikio. I Wonder unakwenda juu ya besi ya kuchezeka kabisa, huku mwimbaji akiuliza maswali kuhusu mapenzi, upweke na vita vitakwisha lini. Crucify Your Mind ni mazungumzo na mtu anayejiangamiza, na huruma iliyomo haijifichi, ingawa maneno ni makali. Nyimbo mbili kati ya zile 12 hakuziandika yeye, na mmojawapo, Gommorah, ndio ninaouona dhaifu kuliko zote. Unataka kutisha kwa mtindo wa wimbo wa watoto, na unajilazimisha.

Kwa nini basi Marekani haikuisikia? Sababu zimetolewa nyingi. Ya kwanza ni fujo ya majina. Santuri yake ndogo ya mwaka 1967 ilitoka kwa jina la Rod Riguez, ili asionekane wa asili ya Mexico. Kwa sababu ya mkataba wa zamani, nyimbo alizoandika kwenye Cold Fact ziliandikishwa kwa majina ya Jesus Rodriguez na Sixth Prince. Msikilizaji aliyempenda hakujua hata amtafute kwa jina gani. Ya pili ni wakati. Miezi miwili ya kwanza ya 1970 peke yake ilikuwa imeleta Bridge over Troubled Water ya Simon na Garfunkel na Sweet Baby James ya James Taylor, albamu za sauti laini, za kufariji. Rodriguez hakuwa na faraja ya namna hiyo. Ya tatu naamini ndiyo kubwa: redio za Marekani zilikuwa zimegawana watu kwa rangi na kwa mtindo. Mtu mwenye jina la Kilatino, anayeandika kwa namna ya Bob Dylan, akisindikizwa na wanamuziki wa Motown, angepigwa kituo gani? Kampuni yenyewe haikukosa uwezo, kwa maana mwaka 1971 Sussex hiyohiyo ilimtoa Bill Withers na dunia nzima ikamsikia. Rodriguez alikosa mlango wa kuingilia.

Namna santuri ilivyofika Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 husimuliwa kwa njia mbalimbali, na simulizi linalopendwa zaidi ni la msafiri mmoja kutoka Marekani aliyekuja na nakala moja mkobani. Lililo hakika ni kwamba kampuni za huko ziliitoa rasmi, ikauzwa madukani, na ikaangukia katika nchi ambayo serikali yake iliogopa sauti. Televisheni ilianza kurushwa Afrika Kusini Januari 1976 tu, kwa sababu watawala waliihofia. Chini ya sheria ya machapisho ya mwaka 1974, vitabu, filamu na nyimbo vilipitishwa kwenye chekeche la wakaguzi. Shirika la utangazaji la serikali, SABC, lilikuwa na njia yake ya kuhakikisha wimbo haupigwi hata kwa bahati mbaya: walichukua kitu chenye ncha kali na kukwangua mfereji wa wimbo huo kwenye santuri ya maktaba yao. Sugar Man ulikwanguliwa hivyo. Mtangazaji aliyetaka kuupiga asingeweza.

Waliobaki na nakala nzima walikuwa watu majumbani. Hapo ndipo maoni ya wasikilizaji yalipoanza kufanya kazi yake. Kwa kijana wa Kizungu aliyelelewa katika nyumba ya wacha Mungu, shule yenye nidhamu ya kijeshi na taifa lililomwambia kwamba kuuliza ni uhaini, albamu hii ilikuwa mtu mzima wa kwanza kusema hadharani kwamba wakubwa wanaweza kudanganya. Wale waliokuja kuwa wanamuziki wa upinzani wa Kiafrikana wamelieleza hilo wenyewe. Mwaka 1989 kundi la wasanii wa Kiafrikana, Koos Kombuis na Johannes Kerkorrel wakiwemo, walizunguka nchi katika ziara iliyoitwa Voëlvry, wakiimba dhidi ya serikali ya wazazi wao kwa lugha ya wazazi wao. Koos Kombuis na mpiga gitaa Willem Möller, aliyekuwa ndani ya ziara ile, wamemtaja Rodriguez miongoni mwa waliowafungulia njia.

Wasikilizaji wengine wa albamu hii walikuwa askari. Tangu 1977 kila kijana wa kiume wa Kizungu alitakiwa kutumikia jeshi kwa miaka miwili, na wengi walipelekwa kwenye mpaka wa Namibia na Angola. Kanda za Cold Fact zilikwenda nao. Waliokuwa huko wanakumbuka zikipigwa kambini usiku.

Hapa msomaji wa Tanzania, Zambia au Msumbiji ana haki ya kusimama kidogo. Upande wa pili wa mpaka huo walikuwapo wapigania uhuru ambao wengi wao walipita kwetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Kambi ya Kongwa, Dodoma, iliwapokea wapiganaji wa ANC, SWAPO, FRELIMO na MPLA. Mazimbu, Morogoro, ilijengwa shule ya watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana aliyelala kambini akisikiliza maswali ya Rodriguez kuhusu vita, asubuhi aliamka na kubeba bunduki dhidi ya watu tuliowaita ndugu. Kupenda nyimbo za kuuliza maswali hakukuwatoa wengi wao jeshini. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya masimulizi ya albamu hii yanakaribia kudai kwamba ilivunja ubaguzi wa rangi. Utawala wa Makaburu ulivunjwa na wananchi weusi wa Afrika Kusini, kwa migomo, kwa damu, kwa vifungo na kwa msaada wa majirani. Wananchi hao wengi hawakumjua Rodriguez kabisa. Walikuwa na muziki wa mbaqanga wa Mahlathini na Mahotella Queens, walikuwa na sauti ya Miriam Makeba na tarumbeta ya Hugh Masekela kutoka uhamishoni.

Hata hivyo sipendi kulidharau lile alilolifanya kwa waliomsikia. Ndani ya nyumba za watawala kulihitajika pia mtu wa kupanda mashaka, na shaka ya kweli mara nyingi huanzia mahali padogo, chumbani, kwenye kinanda cha santuri, mzazi akiwa hayupo. Albamu hii iliwapa vijana hao maneno. Wachache waliyatumia vizuri, wengine wakayaimba tu kwenye sherehe. Wasikilizaji wako hivyo popote, na sidhani kama msanii anaweza kuwajibika kwa kila sikio lililomsikia.

Kwa kuwa hakuna aliyemwona, watu wakamtungia kifo. Wengine walisema alijipiga risasi jukwaani. Wengine walisema alijimwagia mafuta akajichoma moto mbele ya watazamaji. Uvumi huo ulizunguka miaka na miaka, ukisimuliwa kwa huzuni ya kweli, na nadhani ulikuwa sehemu ya maoni ya wasikilizaji: walishindwa kuelewa inakuwaje mtu mwenye nyimbo kama hizi asiwe na habari yoyote duniani, wakahitimisha kwamba lazima amekufa, tena kifo kikubwa.

Aliyeanza kulifungua fumbo ni msikilizaji wa kawaida, Stephen Segerman wa Cape Town, mpenzi wa santuri ambaye marafiki walimpa jina la Sugar tangu jeshini. Mwaka 1996 albamu ya pili ilipotolewa kwa diski Afrika Kusini, aliandika maelezo ya jalada na ndani yake akatoa wito: je, yupo mpelelezi wa mambo ya muziki atakayejua habari za mtu huyu? Mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom akauchukua wito huo kama kazi. Alifuata fedha akakwama. Akahamia kwenye maneno ya nyimbo, akitafuta jina la mahali popote. Katika Inner City Blues akakuta jina la Dearborn, mji unaopakana na Detroit. Kutoka hapo akafika kwa Mike Theodore, na Theodore akamwambia kwamba Rodriguez yu hai. Mwaka 1997 Segerman na wenzake walikuwa wamefungua tovuti ya kumtafuta, na binti mkubwa wa Rodriguez akaikuta, akawaandikia.

Mtu waliyempata alikuwa fundi wa nyumba za watu, mwenye digrii ya falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Wayne State aliyoipata 1981, aliyewahi kugombea nafasi katika halmashauri ya jiji lake mwaka 1989 akashindwa. Aliishi katika nyumba chakavu aliyoinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1976 kwa dola 50. Hakuwa na uchungu. Watu wote waliozungumza naye wamelisema hilo, na wengine walishindwa kuliamini.

Machi 1998 alitua Cape Town. Maonyesho sita yalikuwa yameandaliwa, la kwanza kwenye ukumbi wa Velodrome wa Bellville wenye nafasi za maelfu. Alipopanda jukwaani watu walishangilia kwa muda mrefu bila kumwachia nafasi ya kuanza. Mpiga besi akaanza kupiga ule mwanzo wa I Wonder, na kelele zikazidi. Wazazi waliokuwa na kanda zake miaka ya 1970 walikuja na watoto wao waliozaliwa na kanda hizo ndani ya nyumba. Möller, yule wa Voëlvry, alikuwa nyuma yake akipiga gitaa. Nimetazama picha za usiku ule mara nyingi. Kinachonigusa zaidi ni utulivu wa Rodriguez mwenyewe: haonekani kama mtu aliyefufuka, anaonekana kama mtu aliyekuwa akiimba wiki iliyopita mahali pengine, sasa amekuja hapa.

Kumbe aliwahi kuimba mahali pengine. Wasikilizaji wa Australia wana malalamiko, na malalamiko yao ni ya haki. Huko pia Cold Fact ilipendwa miaka ya 1970, baada ya watangazaji wachache wa redio kuing'ang'ania, na Rodriguez alialikwa akafanya ziara mwaka 1979 na tena 1981, safari ya pili pamoja na bendi ya Midnight Oil. Albamu ya onyesho lake la Australia ilitolewa 1981. Filamu ya Searching for Sugar Man, aliyoitengeneza Msweden Malik Bendjelloul na kuonyeshwa mara ya kwanza Januari 2012, haisemi neno juu ya hayo. Inamwacha mtazamaji aamini kwamba kati ya 1971 na 1998 mtu huyu hakupanda jukwaa lolote kubwa. Ni filamu nzuri, imetengenezwa kwa mapenzi, na ilipewa tuzo ya Oscar Februari 2013. Kuiacha Australia nje lilikuwa kosa. Habari ya msanii aliyependwa na nchi mbili za mbali na kusahaulika kwao haikuhitaji kufanywa nyepesi ili ivutie.

Sasa fedha. Wauzaji wa Afrika Kusini wamesema walikuwa wakipeleka mrabaha Marekani. Rodriguez alisema haukumfikia. Suala hilo lilikwenda mahakamani Marekani kati ya wenye haki za nyimbo, na sitaki kulihukumu hapa. Lakini msikilizaji wa Afrika anapaswa kuliweka kando ya kisa kingine cha nchi hiyohiyo. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu mfanyakazi wa kawaida, alirekodi Mbube katika studio ya Gallo mjini Johannesburg. Wimbo huo ukaenda Marekani, ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukaingiza fedha nyingi mno kwa watu wengine, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia mapatano ya malipo mwaka 2006. Mwafrika aliimba, Marekani ikafaidi; mfanyakazi wa Detroit aliimba, madukani Johannesburg na Cape Town fedha zikaingia. Walionunua santuri zote hizo walilipa kwa nia njema, wakaamini wamemlipa mwimbaji. Msikilizaji hana namna ya kujua shilingi yake imeishia wapi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wasikilizaji wa leo wanapopaswa kuwa wakali zaidi, kwa sababu majukwaa ya mtandaoni yameifanya njia ya fedha iwe ndefu na yenye kona nyingi kuliko wakati wa santuri.

Baada ya filamu Cold Fact ilipata wasikilizaji wapya dunia nzima, hata Detroit. Tayari mwaka 2008 ilikuwa imetolewa upya Marekani na kampuni ya Light in the Attic, na kabla ya hapo, mwaka 2001, Nas alikuwa ametumia kipande cha Sugar Man katika wimbo wake wa rap You're Da Man. Lakini filamu ndiyo iliyofungua mlango wote. Wasikilizaji hao wapya hawakubaliani, na mabishano yao ni ya kusikilizwa.

Kuna wanaosema Rodriguez ni sawa na Dylan, au amempita. Naiona sifa hiyo imezidi kiasi. Dylan wa 1965 alikuwa na wingi wa maneno na upana wa muziki ambao Cold Fact haikuufikia, na katika baadhi ya mistari Rodriguez anasikika akitembea katika nyayo zake. Wanaosema hivyo wanataka kumlipa fidia kwa miaka aliyopotezewa, na fidia ya namna hiyo haimsaidii. Kuna wengine, hasa waliokuja kuisikiliza wakiwa na matarajio makubwa, wanaosema kisa kimeupita muziki, kwamba albamu ni ya kawaida na watu wanapenda hadithi tu. Hao nao ninawaelewa, kwa sababu ni vigumu mno sasa kuisikia Sugar Man bila kuona theluji ya Detroit na yule mtu mwenye koti refu jeusi akitembea kwenye filamu. Jibu langu kwao ni moja: vijana wa Afrika Kusini hawakuwa na hadithi yoyote. Walikuwa na picha ya jalada na uvumi wa uongo. Walichokipenda kilitoka kwenye spika, na walikipenda kwa zaidi ya miaka ishirini.

Halafu wako wasikilizaji ninaowathamini zaidi, wale wanaobishana juu ya mambo madogo. Je, fidla za Coming from Reality ni nyingi mno? Je, mpangilio wa Only Good for Conversation unafaa kweli kwa wimbo wa pili katika albamu yenye mambo mengi ya utulivu, au unavunja hali? Je, I Wonder ingepata umaarufu ule bila besi ya Babbitt? Katika mabishano hayo Rodriguez hatimaye anapata kile ambacho 1970 ilimnyima, yaani kusikilizwa kwa umakini, wimbo kwa wimbo, na watu wenye maoni tofauti.

Alifariki Detroit tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na miaka 81. Macho yalikuwa yamedhoofika kwa miaka mingi kutokana na ugonjwa wa presha ya macho, na katika maonyesho ya mwisho alishikwa mkono kupelekwa kwenye kipaza sauti. Hakutoa albamu ya tatu ya studio. Mashabiki waliingoja, wengine wakaidai kwa ukali uliovuka mpaka, kana kwamba mtu aliyewapa nyimbo zile bado ana deni kwao.

Mabishano yaliyobaki sasa ni albamu ipi kati ya mbili ni bora. Kundi kubwa la waliomfuata tangu zamani linachagua Coming from Reality, kwa sababu uandishi wake umekomaa na kwa sababu ya wimbo wa mwisho, Cause, wenye simanzi isiyo na pazia. Nimeupa wimbo huo nafasi mara nyingi, na ni mkubwa kweli. Bado ninasimama na Cold Fact. Katika albamu ya pili Rodriguez anaomboleza mambo yake mwenyewe, na fidla za London zinambembeleza. Katika ya kwanza anautazama mji mzima, hasira yake ina watu ndani yake, na Coffey na wenzake hawambembelezi hata kidogo. Anayetaka kuanza aanze na Crucify Your Mind, wimbo usiofika hata dakika tatu, kisha aende I Wonder kwa sauti ya juu, na The Establishment Blues ausikilize mwisho, akiwa na gazeti la siku hiyo mkononi.